Dume mmoja wa nje, miaka 38 ya ubishi

Mtu anayefuga mbwa dume wa aina ya Dalmatian hujifunza kazi moja ambayo wafugaji wa mbwa wengine hawana haja nayo: kumtazama mbwa wake anapokojoa. Mbwa anainua mguu, anasubiri, yanatoka matone mawili matatu, anaondoka, kisha anarudi palepale na kujaribu tena. Wakati mwingine mkojo una damu. Ikipita siku nzima mbwa hajapata haja ndogo, mwenyewe anatakiwa awe ameshafika kwa daktari wa mifugo, kwa sababu mrija umezibwa na jiwe, figo zinaanza kushindwa kazi na kibofu kinaweza kupasuka.

Dalmatian ni wale mbwa weupe wenye madoa meusi au ya kahawia ambao dunia nzima iliwafahamu kupitia filamu ya katuni ya Walt Disney ya mwaka 1961. Huko Marekani walizoeleka katika vituo vya zimamoto tangu enzi za magari ya kukokotwa na farasi, wakikimbia pembeni mwa farasi. Ni mbwa mwenye nguvu na anapendeza macho. Lakini ndani ya mwili wake kuna kasoro ya kurithi ambayo mbwa wengi wa aina nyingine hawana.

Sidhani kama wasomaji wengi wa kurasa hizi wanafuga Dalmatian. Nimeamua kuwaandika kwa sababu kisa chao ni cha biashara ya mbegu, vyeti na madume, na kila anayehimilisha ng'ombe wake au kununua beberu wa bei yumo katika biashara hiyo hiyo, ajue asijue.

Kinu kizima, mlango umefungwa

Mwili wa mnyama unapovunja chakula na chembe zake zilizochakaa, hubaki na vitu vinavyoitwa purini. Hivi hugeuzwa kuwa asidi ya yuriki. Kwa wanyama wengi wanaonyonyesha, kazi haiishii hapo. Ini lina kimeng'enya kinachoigeuza asidi hiyo kuwa alantoini, kitu kinachoyeyuka kirahisi na kutoka na mkojo bila madhara. Sisi binadamu kimeng'enya hicho hatuna, na ndiyo maana baadhi yetu hupata jongo, ule ugonjwa wa kidole gumba cha mguu kuvimba na kuuma usiku mpaka shuka haliguswi.

Dalmatian anacho. Hilo ndilo lililowasumbua wataalamu kwa muda mrefu. Mkemia wa Marekani, Stanley Benedict, aliripoti mwaka 1916 kwamba mbwa hawa hutoa asidi ya yuriki nyingi kwenye mkojo kuliko mbwa wengine. Mbwa wa kawaida hutoa kiasi cha miligramu 10 hadi 60 kwa siku. Dalmatian hutoa miligramu 400 hadi 600, karibu sawa na binadamu.

Baadaye watafiti walijaribu kupandikiza viungo. Figo ya Dalmatian ikiwekwa kwa mbwa wa kawaida, mkojo wa mbwa yule unabaki wa kawaida. Ini la mbwa wa kawaida likiwekwa kwa Dalmatian, asidi inapungua. Kwa hiyo tatizo kubwa lilikuwa kwenye ini, ingawa kimeng'enya kilikuwepo na kilifanya kazi vizuri kikipimwa peke yake.

Jibu lake mtu wa mashine ya kusaga atalielewa haraka. Kinu ni kizima na kinazunguka, ila mlango wa chumba cha kinu umefungwa, magunia ya mahindi yanarundikana nje. Chembe za ini la Dalmatian haziipokei asidi ya yuriki inavyotakiwa, kwa hiyo kimeng'enya kilicho ndani hakipati cha kusaga. Figo zake nazo zina kasoro ile ile: zinashindwa kuirudisha asidi kwenye damu ili ipate kufika tena kwenye ini, zinaimwaga yote kwenye mkojo. Asidi ikizidi na maji yakipungua, chumvi zake huganda na kuwa mawe.

Si kila Dalmatian anapata mawe. Majike hukojoa vijiwe vidogo bila hata mwenyewe kujua, kwa kuwa mrija wao ni mpana na mfupi. Taabu ni ya madume. Mrija wa dume ni mrefu na mwembamba, na unapita kwenye mfereji wa mfupa ulio ndani ya uume, mahali ambapo hauwezi kutanuka. Jiwe likifika hapo hukwama. Isitoshe, mawe ya aina hii mara nyingi hayaonekani vizuri kwenye eksirei ya kawaida, kwa hiyo daktari asiyeijua aina ya mbwa aliyenaye anaweza kusema hakuna kitu.

Daktari hujaribu kwanza kulisukuma jiwe lirudi kwenye kibofu kwa mpira na maji. Likigoma, au yakiwa mengi, ni upasuaji. Kwa mbwa ambao hujirudia, hufunguliwa njia mpya ya mkojo kabisa. Kuna dawa ya alopurinoli, ile wanayopewa wagonjwa wa jongo, nayo husaidia kupunguza asidi. Lakini mbwa akiitumia huku analishwa nyama za purini nyingi, anaweza kupata mawe ya aina nyingine.

Kinga ya kila siku ni bakuli na maji. Maini, figo, bandama na moyo havimfai mbwa huyu, wala dagaa, vyakula ambavyo mbwa wengi wa kwetu wangevifurahia. Mayai, maziwa na nafaka vina purini kidogo. Chakula kichanganywe na maji mpaka kiwe rojorojo, na mbwa atolewe nje mara nyingi akojoe, hata usiku kabla ya kulala. Mwenye Dalmatian anaishi hivyo kwa miaka yote ya mbwa, ambayo inaweza kufika kumi na zaidi.

Anayeuza na anayelipa

Kwa mtu wa uchumi, cha kutazama hapa ni nani analipa. Mzalishaji anauza mtoto wa mbwa akiwa na wiki nane au zaidi kidogo. Bei inapangwa na cheti cha nasaba, ushindi wa wazazi kwenye maonyesho, na madoa: yawe ya mviringo, yenye kingo safi, yasiingiliane. Siku ya mauzo mtoto ni mzima kabisa. Mawe, yakija, huja mbwa ameshakua, fedha zimeshabadilishana mikono zamani, na gharama ya upasuaji ni ya mnunuzi.

Soko la namna hiyo halina sababu ya kujirekebisha lenyewe. Doa zuri linaongeza bei leo. Mkojo mzuri hauongezi kitu, kwa sababu mnunuzi hauoni, na wakati ule hata angetaka kuununua asingeupata popote.

Asingeupata kwa sababu ya namna kasoro yenyewe inavyorithiwa. Mwaka 1938 watafiti Trimble na Keeler walionyesha kuwa ni sifa inayojificha. Mnyama anapata nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala moja mbovu na moja nzima anakuwa mzima, ila anaibeba. Anayeugua ni yule aliyepata mbovu mbili. Ukimpandisha Dalmatian na mbwa wa kawaida, watoto wote wa kwanza mkojo wao ni wa kawaida.

Kwa magonjwa mengi ya namna hii kuna njia rahisi ya kutoka. Mfano ni Bedlington Terrier, mbwa mdogo wa Uingereza anayefanana na mwanakondoo, ambaye alisumbuliwa na madini ya shaba kurundikana kwenye ini mpaka linaharibika. Mwaka 2002 watafiti waligundua kipande cha jeni kilichokosekana, kipimo cha vinasaba kikapatikana, na wazalishaji wakaweza kuchagua. Mbwa wazima walikuwepo ndani ya aina hiyo hiyo, ilibaki kuwatambua.

Kwa Dalmatian njia hiyo haikuwepo. Mbwa wote walioandikwa kwenye daftari la nasaba walikuwa na nakala mbovu mbili. Wanasayansi wanadhani jeni hiyo iko karibu na nyingine inayohusika na madoa, kwa hiyo vizazi vya wazalishaji waliochagua doa kubwa na safi walikuwa wanachagua na ugonjwa bila kujua. Ungeweza kuwapima mbwa wote duniani, na wote wangeanguka mtihani. Daftari lilikuwa limefungwa, na ndani yake dawa haimo.

Hesabu ya chotara

Mwaka 1973 Dk. Robert Schaible, mtaalamu wa urithi katika chuo cha tiba cha Indiana, Marekani, ambaye mwenyewe alikuwa mpenzi wa Dalmatian, alifanya jambo ambalo mfugaji yeyote wa ng'ombe wa maziwa angelifikiria siku ya kwanza. Alimpandisha Dalmatian jike na dume wa nje, Pointer wa Kiingereza, mbwa wa kuwindia ndege ambaye umbo lake halitofautiani sana na la Dalmatian.

Watoto walikuwa wazima wa mkojo, lakini madoa yao yalikuwa vurugu. Basi akaanza kuwarudisha kwa Dalmatian, kizazi baada ya kizazi.

Hesabu yake ni ile ile wanayoijua wafugaji wa Rungwe, Hai au Kiambu waliopandisha daraja ng'ombe wa kienyeji kwa Friesian. Chotara wa kwanza ana nusu ya damu ya kigeni, mtamba wake akirudishwa kwa Friesian anafika asilimia 75, anayefuata 87.5, na kuendelea mpaka watu wanaacha kuhesabu. Kwa Schaible damu ya Pointer ilishuka hivyo hivyo: nusu, robo, moja ya nane. Kizazi cha tano ilikuwa imebaki kama asilimia 3.

Ila kulikuwa na jambo moja la kulinda njiani. Kila uzao, kwa wastani nusu ya watoto walirithi ile nakala nzima ya Pointer na nusu hawakuirithi. Kipimo cha vinasaba hakikuwepo. Ilibidi mkojo wa watoto upimwe kiasi cha asidi, wale wenye mkojo wa kawaida wabakizwe kuzalisha, na wengine waende kufugwa tu. Kazi hii ya kupima mikojo iliendelea kwa zaidi ya miaka thelathini.

Mwaka 1981 chama kikuu cha usajili wa mbwa cha Marekani, American Kennel Club, kilikubali kuwaandika mbwa wawili wa kizazi cha tano. Wanachama wa klabu ya Dalmatian wakaja juu. Usajili ukasimamishwa, na watoto wa mbwa wale wakakosa vyeti.

Ningependa kuwatendea haki waliopinga, maana si watu wajinga. Cheti cha nasaba kina thamani kwa sababu watu wanakiamini. Ukimruhusu mmoja aingize damu ya nje kwa sababu nzuri, kesho atakuja mwingine na sababu mbaya. Walihofia pia kwamba Pointer angeleta magonjwa mapya, na walilalamika kuwa madoa ya mbwa wa Schaible ni madogo na hayana kingo safi. Walisema mbwa wengi hawapati mawe maishani, na wanaopata wanatunzika kwa chakula na maji.

Hoja hii ya mwisho ndiyo siwezi kuikubali. Ni kweli wanatunzika, lakini gharama ya kuwatunza haikuwa ya klabu wala ya mzalishaji, na maumivu yalikuwa ya mbwa. Ukipima faida na hasara, ubaki kwa mtu mmoja na hasara iende kwa mwingine, utashangaa jinsi hasara inavyoonekana ndogo.

Jeni inapatikana

Mwaka 2008 mambo mawili yalitokea. La kwanza ni la maabara. Kundi la watafiti lililoongozwa na Danika Bannasch wa Chuo Kikuu cha California, Davis, lilitangaza kuwa limeipata jeni yenyewe, inayoitwa SLC2A9. Ndiyo inayotengeneza ule mlango wa kupitishia asidi ya yuriki. Herufi moja tu imebadilika kwenye maandishi yake. Mbwa waliozaliwa kutokana na ule mpandisho wa Schaible walikuwa sehemu muhimu ya kuipata, kwa sababu ni wao pekee waliokuwa na sura ya Dalmatian na jeni nzima. Kasoro hiyo ilionekana pia kwa baadhi ya Bulldog na Black Russian Terrier, ambao wao wanayo nafasi ya kuchagua ndani ya aina yao. Na mwaka huo huo jeni hiyo ilihusishwa na kiwango cha asidi ya yuriki kwa binadamu, kwa hiyo mbwa wa madoa akawa amewapa kitu hata wagonjwa wa jongo.

La pili ni la televisheni. Agosti 2008 BBC ilirusha filamu juu ya magonjwa ya kurithi kwa mbwa wa vyeti nchini Uingereza. Kelele zilikuwa kubwa. Mwaka 2009 BBC yenyewe iliacha kutangaza Crufts, maonyesho makubwa kabisa ya mbwa nchini humo, na mdhamini mmojawapo mkubwa akajitoa. Fedha ilipoanza kuondoka, milango iliyokuwa haifunguki ikaanza kufunguka.

Mwaka 2010 chama cha usajili cha Uingereza kilimwandika jike aliyetoka Marekani, mzao wa ule mpandisho wa 1973. Aliitwa Fiona. Alipoingia Crufts mwaka 2011 wapo waliomwita koko. Damu ya Pointer iliyokuwa imebaki kwake, kwa hesabu ya kawaida ya vizazi, ilikuwa chini ya moja ya elfu. Mwaka huo huo wa 2011 chama cha Marekani nacho kilikubali, miaka 38 baada ya dume yule wa nje.

Sasa kipimo ni cha vinasaba, kwa damu kidogo au usufi wa pamba unaopitishwa ndani ya shavu. Jibu linakuja katika hali tatu: nakala mbili nzima, moja na moja, au mbili mbovu. Ukimpandisha mwenye moja na moja na Dalmatian wa zamani, tarajia nusu ya watoto wawe wazima. Ukiwapandisha wawili wa moja na moja, robo tatu. Mwenye nakala mbili nzima hazai mtoto mgonjwa hata akipandishwa na nani, na thamani ya dume wa aina hiyo unaweza kuikisia mwenyewe.

Kwa upande wa ng'ombe

Friesian anayekamuliwa Njombe au Nakuru anatoka katika historia inayofanana, ila wenye ng'ombe waliamka mapema. Kuna kasoro ya kurithi kwa Friesian inayofupishwa DUMPS, nayo ni ya kimeng'enya: mwili haupati mali ghafi ya kujengea vinasaba. Ndama mwenye nakala mbili mbovu haonekani kabisa, kwa sababu mimba hufa karibu na siku ya 40. Mfugaji anaona ng'ombe ameshika, kisha anarudi kwenye joto, na lawama zinamwangukia mhimilishaji.

Nyingine ni BLAD, ambayo ndama huzaliwa lakini hana kinga ya kupambana na vijidudu, hupata vidonda vya mdomo, kuhara na homa ya mapafu, na hufa mapema. Chanzo chake kilifuatiliwa mpaka kwa dume mmoja maarufu, Osborndale Ivanhoe, aliyezaliwa mwaka 1952. Mjukuu wa ukoo wake, Carlin-M Ivanhoe Bell, alipendwa mno kwa maziwa ya mabinti zake, na mbegu zake zilisambaa nchi nyingi. Jeni ilipopatikana mwaka 1992, ilikutwa kwa asilimia 14 ya madume ya Marekani yaliyopimwa.

Kampuni za mbegu hazikubishana miaka 38. Madume yalipimwa, na kwenye orodha zao za mauzo wakaweka herufi pembeni ya jina. BL ni dume anayebeba BLAD, TL amepimwa na hana. DP anabeba DUMPS, TD hana. Mhimilishaji akikuletea orodha ya madume, herufi hizo zipo mwishoni mwa jina, kwa maandishi madogo, na wengi wetu tunakimbilia safu ya lita za maziwa. Nilivyowahi kuona, ni nadra mfugaji kuuliza maana yake. Anayetumia dume wa kijiji kwa miaka mingi hana hata herufi hizo za kusoma, na hajui kama yule mtamba anayempandisha ni binti wa dume yule yule.

Kwa Dalmatian kazi haijaisha. Wengi wao duniani bado ni wa mkojo wa zamani, na mawe bado yanatolewa. Wazalishaji waliokubali mbegu mpya nao wana kazi nyingine: mbwa wazima wengi wametokana na ule mpandisho mmoja, na dume mwenye nakala mbili nzima anatafutwa na kila mtu. Akipandishwa kila banda, watoto wake watakuwa na mkojo safi, lakini watakuwa pia ndugu, na kasoro yoyote nyingine aliyoibeba itakuwa imesambaa kabla haijajulikana. Baadhi ya wazalishaji wanaepuka hilo kwa kutumia wazazi wa moja na moja pamoja na Dalmatian wa zamani wa koo mbalimbali, wakikubali kuwa kila uzao utakuwa na watoto kadhaa wenye kasoro. Hao huuzwa kama mbwa wa nyumbani, na mnunuzi anaambiwa kabla ya kulipa ampe maji mengi na asimlishe maini.